God of War: mungu wa vita ni nani hasa? Tuchambue majina ya gemu

#1 Mwana_Nakulabye (Kampala)
Wakuu, nina hoja. Karibu kila anayecheza God of War anaamini jina lile ni la Kratos, yule askari unayemcheza. Mimi nasema si lake. Gemu ya kwanza ilipotoka mwaka 2005 kwenye PlayStation 2, mungu wa vita alikuwa Ares wa Wagiriki. Kratos alikuwa mtumishi wake tu: alizidiwa vitani, akamwita Ares amwokoe, akampa maisha yake, kisha Ares akamtega hadi akamuua mke wake na binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Gemu nzima unamsaka mungu wa vita umuue. Basi jina la gemu ni jina la adui.

Wateja wa kibanda changu wanakataa kabisa. Leteni hoja zenu. Na kama kuna gemu nyingine ambayo jina lake limekutatiza, iweke humu.

#2 Aruaboy
Umeishia njiani, kaka. Ares akishakufa, Kratos anaambiwa dhambi zake zimesamehewa ila ndoto mbaya hazitaondolewa. Anajitupa kutoka kwenye jabali. Athena anamwinua, anampandisha Olympus na kumkabidhi kiti cha Ares. Jina linaanza likiwa la Ares, linaisha likiwa la Kratos. Hadithi yote ni hiyo: cheo kinahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

#3 DadaPedi (Mbarara)
Nakubaliana na #2 nusu. Kumbukeni sehemu ya pili, 2007. Mwanzoni tu, pale Rhodes, Zeus anamlaghai Kratos amimine nguvu zake zote kwenye upanga wa Olympus, halafu anamchoma nao. Kuanzia hapo unacheza gemu iitwayo God of War, Ares ameshakufa na Kratos si mungu tena. Kiti hakina mtu! Ndiyo maana mimi naona jina halimtaji mtu yeyote. Linataja kiti, na kila anayekikalia kinamla yeye na nyumba yake.

#4 BusiaBoda
Na ile ya 2018? Waliondoa hata namba, wakaiita God of War basi, kama vile hakuna iliyotangulia. Kratos yuko kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, ana mtoto wa kiume, ndevu hadi kifuani. Huko mungu wa vita ni Tyr. Sasa jina ni la nani tena? Hapo mnijibu.

#5 Afande_mstaafu (Bombo)
Vijana, hamjambo. Wajukuu wangu wanacheza hiyo ya ndevu, nami huwa nakaa nyuma yao naangalia. Nimetumikia jeshi miaka mingi. Sijaona mtu aliyepigana kweli akapenda kuitwa jina la vita. Anayejisifu mara nyingi alikuwa stoo.

Yule mzee anaanza kwa kukata mti wa kumchomea maiti ya mke wake. Mtoto hajui baba yake alifanya nini ujanani, na baba hataki ajue. Mkono wake umefungwa vitambaa kuficha makovu ya minyororo. Mimi nilielewa hivi: God of War ni jina analolikimbia. Wametoa namba kwa sababu na yeye ametaka kuanza upya, lakini jina lenyewe wamemwachia, kwa sababu halitoki.

#6 Aruaboy
Afande, heshima. Hiyo nimeipokea kwa mikono miwili.

#7 Mwana_Nakulabye
Afande, sipingi, lakini kwenye ile nyongeza ya bure ya Desemba 2023, Valhalla, Kratos anakikubali kiti mwenyewe. Anakubali kuwa mungu wa vita wa namna nyingine. Kwa hiyo hakulikimbia hadi mwisho.

#8 Rolex_na_Pedi (Wandegeya)
Banange! Wengine ndiyo kwanza tunaazimana diski ya 2018. Msitutoboe stori zote. Nendeni kwenye gemu za zamani kidogo.

#9 BusiaBoda
Sawa, tuje kwenye GTA, yaani Grand Theft Auto. Sisi Busia tulijua "Auto" ni zile bunduki za kumimina risasi mfululizo. Kila kitu ndani ya gemu kinathibitisha. Mnipinge.

#10 Mwalimu_Tororo
Nakupinga, kaka. Katika sheria za Marekani wizi umegawanywa kwa ukubwa, kuna mdogo na mkubwa, na wizi wa gari una jina lake, ndilo hilo la gemu. "Auto" ni gari. Ya kwanza ilitoka 1997, imetengenezwa Dundee, Scotland, na kampuni ya DMA Design. Awali waliita Race'n'Chase, yaani mbio na kufukuzana, na ungeweza kucheza ukiwa polisi. Walipoona raha iko upande wa mwizi, jina nalo likahamia kwa mwizi. Jina la gemu ile lina historia ya gemu yenyewe ndani yake.

#11 BusiaBoda
Mwalimu, bunduki je? Maana unaiba gari ukishakuwa na bunduki.

#12 Adyeri_FP (Fort Portal)
Mwacheni na bunduki zake 😂. Mimi niulize San Andreas. Ya 2004. Miji tunaijua: Los Santos ni Los Angeles, San Fierro ni San Francisco, Las Venturas ni Las Vegas. Lakini jimbo zima limepewa jina la ufa wa tetemeko la ardhi, ule ufa wa San Andreas unaopita California, ule uliohusika na tetemeko lililoangusha San Francisco mwaka 1906. Kwa nini uite nchi nzima kwa jina la ufa?

Mimi ni mtu wa Toro. Tetemeko la 1966 wazee wetu bado wanalitaja, na la 1994 nyumba nyingi zilipata nyufa. Sisi tunaishi kando ya bonde la ufa, kwa hiyo nilipojua maana ya jina lile nilishtuka. Nikaicheza tena kwa macho mengine. CJ, yule unayemcheza, anarudi nyumbani kwa mazishi ya mama yake, anakuta familia imegawanyika, mtaa umegawanyika, rafiki zake wawili wa damu wamemgeuka. Ufa unapita katikati ya watu. Na mwisho wa gemu mji unalipuka kwa ghasia. Ardhi imeshapasuka kabla hujagundua.

#13 fizikia_MUK (Makerere)
Adyeri, umeandika vizuri, nirekebishe jambo moja la ardhi. San Andreas si kama bonde letu. Bonde la Albert linafunguka, pande mbili zinaachana polepole. San Andreas ni mabamba mawili, la Pasifiki na la Amerika Kaskazini, yanayopitana ubavu kwa ubavu. Yanasuguana, yanakwama, nguvu inajikusanya, kisha yanafyatuka.

#14 Adyeri_FP
Asante. Sasa umenipa hoja kali zaidi! CJ na Big Smoke, mmoja wa wale rafiki waliomgeuka, hawaachani. Wako ubavu kwa ubavu, wamekwama pamoja mtaa mmoja, kila mmoja anavuta upande wake, mpaka inafyatuka. Fizikia yako imenisaidia mimi.

#15 fizikia_MUK
Lakini mtengenezaji hakusema hivyo popote. Walitafuta jina linalosikika kama California, wakapata. Tusiwawekee maneno mdomoni. Mfano Tetris: watu wanatunga hadithi za Urusi na ukuta na siasa, kumbe Alexey Pajitnov aliyeitengeneza alichukua neno la Kigiriki la nne, kwa kuwa kila kipande kina miraba minne, akaliunga na tenisi aliyoipenda. Basi. Tenisi haimo kabisa ndani ya gemu.

#16 DadaPedi
Kaka wa fizikia, mtengenezaji akishatoa diski, jina si lake peke yake. Mtu wa Toro akisikia tetemeko, anasikia kitu ambacho aliyekaa ofisini hawezi kukisikia. Hilo nalo ni maana.

#17 fizikia_MUK
Ni hisia, dada. Maana ni kile alichokusudia aliyetaja.

#18 DadaPedi
Haya, tuone. Final Fantasy. Aliyetaja alikusudia nini?

#19 Rolex_na_Pedi
Hiyo kila mtu anaijua. 1987, kampuni ya Square ilikuwa inakufa, wakatengeneza gemu ya mwisho wakaiita ya mwisho. Ikauzwa, kampuni ikapona, na mwaka 2023 wametoa ya kumi na sita.

#20 Mwalimu_Tororo
Sakaguchi mwenyewe, aliyeitengeneza, alieleza tofauti mwaka 2015. Walitaka jina linalofupishwa kwa F mbili, kwa sababu kwa Wajapani linatamkika vizuri. Walianza na Fighting Fantasy, wakakuta jina hilo limeshatumiwa na wengine, wakabadili neno la kwanza. Alisema neno lolote lenye F lingefaa.

#21 DadaPedi
Nilikuwa nangoja hapo hapo. Sasa Nobuo Uematsu, aliyetunga muziki wa gemu hiyo hiyo, aliyekuwa kwenye kampuni hiyo hiyo, anaeleza kwamba Sakaguchi alikuwa na mpango wa kuacha kazi na kampuni ilikuwa taabani, ndiyo sababu ya neno "mwisho". Na Sakaguchi naye ameshasema kwamba ile isingeuzwa angeacha gemu arudi chuo kikuu. Watu wawili walikuwa chumba kimoja, kila mmoja ana maana yake. Kaka wa fizikia, hapo unamfuata nani?

#22 fizikia_MUK
Namfuata aliyetaja jina, Sakaguchi.

#23 Aruaboy
Hata kama neno lilikuwa la kujaza F tu, lilichaguliwa na mtu aliyekuwa anafikiria kuacha. Angeweza kuchukua neno lingine lenye F. Mkono ulienda kwenye lile.

#24 Mhaya_Mutukula
Nimesoma uzi wote kimya, nikiwa huku mpakani upande wa Tanzania. Waganda siku hizi Kiswahili kinawatoka vizuri 👏🏾

#25 Mwana_Nakulabye
Karibu jirani. Tangu lini hakikututoka? Muulize Afande jeshini walikuwa wakipeana amri kwa lugha gani.

#26 Mhaya_Mutukula
Asante. Nimekuja na Resident Evil, kwa sababu pale jina lina mambo mengi kuliko yote mliyotaja.

Japani inaitwa Biohazard tangu ya kwanza, 1996. Walipotaka kuipeleka Marekani, jina lile lilikuwa tayari kwa wengine, likiwemo kundi la muziki, kwa hiyo wasingeweza kulisajili. Capcom ya Marekani ikawashindanisha wafanyakazi wake kutunga jina jipya, likashinda hilo la Resident Evil: uovu unaokaa ndani ya nyumba. Kwa ya kwanza linakaa sawasawa, maana gemu yote ni jumba moja kubwa. Lakini ya pili, 1998, mji mzima wa Raccoon umeharibika. Uovu umehama nyumba! Jina limebaki.

Halafu 2017 wakaoanisha. Ya saba kwetu ikaitwa Resident Evil 7: Biohazard, na Japani ikaitwa Biohazard 7: Resident Evil. Na ile ya kijijini, 2021, ukiangalia maandishi ya kava, herufi za mwanzo za neno Village zimechorwa zisomeke nane ya Kirumi. Wale watu wanacheza na majina kwa makusudi.

#27 Rolex_na_Pedi
Ya tano je? Ile ya Afrika?

#28 Mhaya_Mutukula
Ndiyo nilikuwa naijia. Ya 2009. Imewekwa Afrika Magharibi, mahali pa kubuni panaitwa Kijuju. Wale wagonjwa wanaokushambulia wanaitwa Majini, na wanaongea Kiswahili! Kiswahili, Afrika Magharibi! Nilikaa kwenye kiti nikiwa peke yangu chumbani, nasikia watu wanataka kuniua kwa lugha niliyonyonyea. Mchezaji wa Marekani anasikia kelele tu. Mimi naelewa. Gemu ya kutisha ikawa inanitisha mara mbili.

#29 Mwana_Nakulabye
Sisi kibandani ilikuwa hivyo hivyo. Watoto walikuwa wanawajibu wale Majini kwa sauti 😂

#30 Adyeri_FP
Mdogo wangu alisoma Majini akajua ni watu waliotoka ziwani, yaani majini, ndani ya maji. Na pale unapopita na mashua kwenye mabwawa yale, alikuwa anasema "si niliwaambia". Hakuna aliyeweza kumbadilisha.

#31 Mwalimu_Tororo
Kwa kweli ni majini wa jini na majini, pepo wabaya, na ndani ya gemu imeelezwa kuwa ni neno la Kiswahili. Lakini ninachokiona mimi ni kizito zaidi ya hapo. Walitaka "Kiafrika" chochote, wakachukua lugha yetu ya mashariki wakaitupa magharibi. Jina la kijiji la kubuni, jina la pepo la kwetu. Hilo linaniuma kidogo. Lugha hii ina watu wake na pwani yake.

#32 Mhaya_Mutukula
Linaniuma na mimi, mwalimu. Lakini vilevile nilifurahi kuisikia. Vyote viwili kwa pamoja.

#33 Afande_mstaafu
Mjukuu wangu ananiuliza nimwandikie hapa: Doom ni nini. Anasema ni dawa ya mende.

#34 Aruaboy
Afande, mjukuu ana haki! Hapa kwetu Doom ni ile ya kupuliza chini ya kitanda. Mimi nilipoona gemu ya 1993 ina jina hilo nikaona inaeleweka kabisa: mapepo yanatoka kila kona kama wadudu, unapuliza, yanaanguka.

#35 fizikia_MUK
Mwambie mjukuu hivi, mzee. John Carmack, mmoja wa walioitengeneza, alilitoa kwenye filamu ya 1986, The Color of Money. Tom Cruise anaingia na kikasha cha fimbo ya kuchezea puli, anaulizwa mna nini humo, anajibu kwa neno moja: Doom. Maangamizi. Carmack alisema walitaka gemu yao iingie sokoni hivyo hivyo, na wenzao wenye gemu waangamie. Hapo maana inajulikana, imesemwa na mwenyewe, hakuna ubishi.

#36 DadaPedi
Hiyo nakupa. Lakini kumbuka, kati ya watoto wote waliocheza Doom hapa Uganda, wangapi waliona filamu ile? Wao wanaiua mende kila siku.

#37 Mwalimu_Tororo
Naomba nilalamike kama mwalimu. Mortal Kombat! Nina wanafunzi wanaoandika "combat" kwa K kwenye mtihani wa Kiingereza. Ilianza 1992, kwa mujibu wa Ed Boon mwenyewe, mmoja wa walioitengeneza: walikuwa na orodha ya majina ubaoni, mtu akaandika K juu ya C kwa mchezo tu, Steve Ritchie, mtengenezaji wa mashine za pinboli, akapita akasema kwa nini msiiite Mortal Kombat. Herufi moja ya mtu aliyepita karibu na ubao, nami nasahihisha hadi leo.

#38 Mhaya_Mutukula
Sisi tunaandika kombati kwa K, nguo za askari. Mwalimu, hao ni Waswahili safi.

#39 BusiaBoda
Hamjagusa mpira hata kidogo! Winning Eleven. Mtaani kwetu tuliamini ni lazima ufikishe mabao kumi na moja ndiyo umeshinda kweli. Mtu akiongoza nane bila, mwenzake anakataa kutoka kwenye kiti: "bado hujafika". Tulikesha.

#40 Rolex_na_Pedi
😂😂 Ni wachezaji kumi na mmoja, ndugu yangu. Kikosi kinachoshinda.

#41 BusiaBoda
Najua leo. Wakati ule ilikuwa sheria.

#42 Mwana_Nakulabye
Kwenye biashara majina haya ni mtihani. Winning Eleven ya Japani, Ulaya ikawa Pro Evolution Soccer, tukasema PES, 2021 Konami wakaiua wakaita eFootball. Upande wa pili EA na FIFA waliachana: ya mwisho ni FIFA 23, kisha Septemba 2023 ikaja FC 24. Nimebadilisha maandishi ya ukutani. Mteja anaingia, anaangalia ukuta umeandikwa FC, ananiambia "weka FIFA". Sijasikia mtu hata mmoja akisema FC kwa mdomo wake. Kampuni inaweza kubadilisha kava, ila mdomo wa mtu hauna wakili.

#43 Aruaboy
Na sisi tuna la kwetu. Matatu.

#44 BusiaBoda
Hilo nina kesi nalo! Binamu yangu wa Busia ya Kenya alipakua Matatu kwenye simu, ile ya Kola Studios ya Kampala. Kwao matatu ni gari la abiria. Alikuwa amejiandaa kuendesha, kupiga honi, kumkwepa trafiki. Anafungua anakuta karata. Akanipigia simu kwa hasira, "nyinyi Waganda mnaficha magari wapi?" Nikamweleza: kwetu gari ni taksi, matatu unaicheza juu ya meza.

#45 Adyeri_FP
Karata ina hadhi yake. Kukata kwa saba kunahitaji akili kuliko kuendesha.

#46 fizikia_MUK
Niletee na mimi yangu kabla hamjalala. Half-Life, 1998. Mtu wa mtaani anasoma "nusu ya maisha" anafikiri ni damu ikipungua kwenye kioo. Kwa mwanafizikia ni muda ambao nusu ya kitu chenye mnururisho inakuwa imeoza. Alama ya λ kwenye kava ndiyo inayowakilisha kasi ya kuoza kwenye mlinganyo. Gordon Freeman ni mwanafizikia. Hata nyongeza zake zimefuata njia hiyo: Opposing Force, Blue Shift, Decay. Yote ni maneno ya fizikia. Hapo mtengenezaji alikusudia, akapanga, akaendelea nalo. Ndiyo maana nasisitiza kusudio.

#47 DadaPedi
Na mashabiki wanaongoja ya tatu? Ya pili ilikuja 2004, vipande vyake viwili hadi 2007, kisha kimya, 2020 ikaja Alyx ambayo si ya tatu. Kitu kinachooza kwa nusu, kisha nusu ya nusu, kinafika sifuri lini?

#48 fizikia_MUK
Kwenye hesabu, hakifiki kamwe.

#49 DadaPedi
Basi jina lina maana ambayo Valve, kampuni iliyoitengeneza, hawakuikusudia mwaka 1998, na imetoka kwenye fizikia yako mwenyewe.

#50 Aruaboy
Goooal! 😂

#51 Adyeri_FP
DadaPedi, ulicheza Shadow of the Colossus? 2005. Japani jina ni Wander na Jitu. Huku wakaweka "kivuli". Nililia kwenye gemu ile. Unayaua majitu kumi na sita yasiyokukosea kitu, ili msichana aliyekufa afufuke. Kila ukiua moja, unazinduka hekaluni na kivuli cha mtu kimeongezeka, kimesimama juu yako kinakutazama. Mimi naona kivuli ndicho hicho.

#52 DadaPedi
Niliicheza. Nilidhani kivuli ni cha jitu lenyewe, wewe mdogo chini yake. Halafu mwisho, ukiona anachogeuka Wander, yule unayemcheza, niliona kivuli ni yeye.

#53 Aruaboy
Na mimi naona ni kivuli cha kosa. Hujaliona jitu la kwanza na tayari umo ndani yake, maana umeshaiba upanga na kukanyaga ardhi iliyokatazwa.

#54 fizikia_MUK
Hapo mimi sina mtengenezaji wa kumfuata, kwa sababu kwa Kijapani kivuli hakimo kabisa. Nimewaachia.

Ila nina shida ya kweli, nimekuja nayo. Mimi na wenzangu watatu tunatengeneza gemu ya boda boda ya simu. Usiku wa Kampala, mafuta yanapungua, unabeba abiria. Tuna majina mawili: "Steji" na "Abiria wa Mwisho". Mnasemaje?

#55 Mwalimu_Tororo
Kwanza nendeni URSB, ofisi ya kusajili majina ya biashara, mkatafute kama jina lipo. Mmesoma habari za Biohazard hapo juu. Pili, "Steji" ni tamu, ni kituo cha boda na ni hatua ya gemu, lakini mtu akiitafuta mtandaoni ataletewa majukwaa ya muziki ya dunia nzima.

#56 Rolex_na_Pedi
"Abiria wa Mwisho" inatisha. Ni pepo? Anapanda hashuki?

#57 fizikia_MUK
Hapana, ni yule anayepanda mafuta yakiwa yanaisha. Ukimfikisha, gemu imekwisha. Hakuna pepo.

#58 Aruaboy
Abiria wa mwisho ni dereva mwenyewe, usiku mzima anabeba wengine na yeye hajafika popote.

#59 fizikia_MUK
Dereva si abiria, Aruaboy!

#60 BusiaBoda
Mimi ndiye mwenye boda humu, nisikilizeni. Steji yetu, abiria wa mwisho si yule wa mafuta kuisha. Ni yule unayemtafuta makusudi saa za kufunga, anayeelekea upande wa kwenu, ili usirudi nyumbani kiti kikiwa kitupu. Huyo unamshushia bei. Unaweza kuacha safari mbili nzuri kwa sababu zinakupeleka mbali na mkeo, ukamngoja mmoja wa njia yako. Hicho kitu hakimo kwenye gemu yoyote niliyocheza.

#61 fizikia_MUK
Hilo hatukuliwaza. Tunaliweka. Ukimpata wa njia ya kwenu, mafuta hayakatwi.

#62 DadaPedi
Kwa hiyo jina limebadilika maana kabla gemu haijatoka 😊

#63 Aruaboy
Bado nasema ni dereva.

#64 Afande_mstaafu
BusiaBoda, huyo wa mwisho unamshushia kiasi gani? Kesho kutwa nakuja huko, nafika usiku.

#65 BusiaBoda
Unaelekea wapi, mzee? Kama ni njia ya Dabani, nakupeleka kwa bei ya mafuta tu. Nipigie ukifika.